Tunoe Zana Zetu kwa Akili

  

Leo tunataka tuongee juu ya kazi ndogo. Kila nyumba inaifanya, lakini wengi wetu tunaifanya hivi hivi tu. Kazi yenyewe ni kunoa. Tunanoa jembe, panga, shoka, kisu, mundu na nyengo. Tunapitisha tupa mara mbili tatu, tunagusa kwa kidole gumba, tunasema, "Haya, linakata." Halafu tunakwenda shambani. Kabla jua halijawa kali, zana imekuwa butu tena, au imeota pengo. Hapo tunalaumu chuma. Tunamlaumu na mwenye duka. Lakini mara nyingi kosa ni letu wenyewe.

Tuanze na mfano.

MGEMA NA MPASUA KUNI

Tuseme kuna majirani wawili katika kijiji kimoja cha Mufindi. Mmoja ni mzee, mgema wa ulanzi. Wakati wa mvua, asubuhi na jioni, anakwenda kwenye mianzi yake. Anakata kipande chembamba sana kwenye ncha ya mwanzi mchanga ili utomvu uendelee kutoka. Kisu chake kinanyoa hata vinyweleo vya mkono.

Jirani yake ni kijana, mpasua kuni. Siku moja anamwambia, "Shikamoo mzee. Kisu chako kinakata kama wembe. Na mimi nataka shoka langu liwe hivyo hivyo."

Mzee anajibu, "Marahaba, mwanangu. Lakini shoka siyo kisu."

Kijana hasikii. Anachukua tupa, anakwangua shoka mpaka makali yake yanakuwa membamba kama karatasi. Kesho yake anakwenda kupasua gogo la mkaratusi, kavu, lenye vifundo. Pigo la kwanza linaingia vizuri, na la pili pia. Pigo la tatu linapiga kifundo. Anapolitazama shoka, anaona pengo kubwa kama la mtoto aliyeng'oka jino.

Shoka lilikuwa kali. Sasa kosa lilikuwa nini? Kosa ni kwamba makali ya kukata kitu laini ameyatia kwenye zana ya kupiga kitu kigumu. Ukali peke yake hautoshi. Makali lazima yafae kazi yake, tena lazima yadumu.

MAKALI NI KITU GANI?

Chukua panga, litazame kwa upande wa ncha. Utaona nyuso mbili za chuma zinakaribiana mpaka zinakutana. Pale zinapokutana ndipo penye makali. Kwa hiyo makali ni kabari. Sote tunaijua kabari ya kupasulia gogo: upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba. Panga ni kabari, shoka ni kabari, hata wembe ni kabari.

Kabari nyembamba huingia kwa urahisi, lakini haina nguvu nyuma yake. Chuma ni kidogo pale kwenye makali. Ikigonga kitu kigumu, hupinda au huvunjika.

Kabari nene ni ngumu kuingia. Inataka nguvu nyingi. Lakini ina chuma kingi nyuma ya makali, kwa hiyo huvumilia mapigo.

Mwenye akili hutafuta katikati. Hujiuliza maswali mawili kabla hajashika tupa: Nakwenda kukata nini? Nitakata kwa kusukuma polepole au kwa kupiga?

CHUMA KIGUMU NA CHUMA KIVUMILIVU

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Ugumu wa chuma na uvumilivu wa chuma ni vitu viwili mbalimbali.

Fikiria chungu cha udongo na kipande cha bati. Chungu ni kigumu. Huwezi kukipinda. Lakini ukikiangusha, kinavunjika. Bati ni laini. Ukiliangusha halivunjiki, bali linapinda. Chuma nacho ni hivyo hivyo. Chuma kigumu sana hushika makali muda mrefu, lakini hupata mapengo haraka kikigongwa. Chuma laini hakipati mapengo, lakini makali yake hukunjika upande, na zana huwa butu mara moja.

Zana zetu za kukatia hutengenezwa kwa feleji, yaani chuma cha pua. Feleji ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Katika zana nyingi za shambani, kaboni hiyo haifiki hata sehemu 1 katika kila sehemu 100. Lakini sehemu hiyo ndogo ndiyo inayofanya chuma kikubali kuwa kigumu kinapochomwa moto na kuchovywa majini. Nondo nyingi za kujengea zina kaboni chache mno, ndiyo sababu kisu cha nondo hakidumu makali. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha, ndiyo sababu wahunzi wetu wanaipenda kwa kutengeneza visu na mapanga.

Mambo haya babu zetu waliyajua kwa macho na mikono. Wafipa wa Rukwa walijenga tanuri za udongo ndefu kupita mtu, wakaziita malungu, wakayeyusha mawe ya chuma humo. Wakinga wa Makete nao walisifika kwa uhunzi. Jembe la mhunzi lilikuwa mali kubwa. Watu walilitoa hata kwa mahari. Na mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria, huko Kagera, walikuwa wakitengeneza feleji zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kwa hiyo kazi hii siyo ngeni kwetu.

Baadaye vilikuja viwanda. Wazee watakumbuka majembe ya UFI kutoka Ubungo, Dar es Salaam, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China. Watakumbuka pia kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK, cha pale Mbeya. Siku hizi majembe mengi madukani yanatoka nchi za nje. Mengine ni mazuri, mengine ni laini kama bati. Hivyo mnunuzi ajue kupima.

Kupima ni rahisi. Kwanza, ning'iniza jembe kwa kamba, uligonge kwa kijiwe. Jembe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya kufa. Pili, mwombe mwenye duka upitishe tupa kidogo kwenye kona. Tupa ikiingia kama kwenye mti mbichi, chuma ni laini. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitapata mapengo. Tupa ikikata huku unahisi chuma kinabisha, hiyo ndiyo zana ya kununua.

KILA KAZI NA MAKALI YAKE

Sasa tuangalie zana moja moja.

Kisu cha mgema, kisu cha jikoni na kisu cha kubebeshea miche vinataka makali membamba. Ndugu zetu wa Njombe na Rungwe wanaopanda parachichi wanajua. Ukibebesha mche kwa kisu butu, mahali palipokatwa huwa na mawimbi, na kikonyo hakishikani na shina. Umepoteza kikonyo, umepoteza na mche.

Kisu cha kupogolea kahawa kule Mbozi, au panga la kupogolea chai Mufindi na Rungwe, lazima likate safi kwa pigo moja. Tawi likichanika badala ya kukatika, kidonda hakifungi upesi, na ugonjwa huingia hapo. Makali yake yawe ya wastani.

Panga la kufyekea ni la kupiga. Linakutana na majani, miti midogo, na mara nyingine jiwe. Makali yake yawe manene kidogo kuliko ya kisu. Lakini panga la kukatia migomba kule Tukuyu linaweza kuwa jembamba zaidi, maana mgomba ni laini.

Shoka la kukatia msindano mbichi liwe jembamba kidogo. Shoka la kupasulia magogo makavu ya mkaratusi au mwati liwe nene. Kama una shoka moja tu kwa kazi zote, linoe kwa ajili ya kazi ngumu. Heri kuchelewa kidogo kuliko kupoteza shoka.

Mundu wa kuvunia mpunga, kama unaotumika Mbarali, mara nyingi una meno madogo upande mmoja. Tahadhari hapa! Watu wengine wanakwangua meno hayo wakidhani wananoa. Huko ni kuuharibu. Noa upande ule laini tu, usio na mistari. Tena mjue kwamba majani ya mpunga na ya nyasi nyingi yana chembe ngumu kama mchanga ndani yake. Ndiyo sababu mundu huwa butu upesi. Mvunaji aende shambani na kinoo mfukoni.

Jembe la mkono halikati kama kisu. Linakata udongo, mizizi na magugu. Makali yake yawe manene kuliko ya panga, na zaidi tena kwenye shamba la mawe.

PIMA KWA GAZETI HILI

Mtaniuliza, "Nene kiasi gani? Nyembamba kiasi gani?" Swali zuri. Hapa elimu yetu ya kusoma na kuhesabu inatusaidia.

Ukimaliza kusoma, chukua ukurasa wa gazeti hili. Kona yake ni digrii 90. Ikunje kona hiyo ili ukingo mmoja ulale juu ya ukingo wa pili. Sasa una digrii 45. Ikunje tena namna hiyo hiyo. Sasa una digrii 22 na nusu. Hicho kikunjo cha mwisho ni kabari ndogo ya karatasi. Ndicho kipimo chako.

Laza panga juu ya ubao. Weka kabari ya karatasi juu yake, ncha ielekee kwenye makali. Egemeza tupa juu ya karatasi. Tazama tupa imeinuka kiasi gani. Kumbuka mwinamo huo, ondoa karatasi, halafu anza kazi.

Kwa panga na shoka, kipimo cha digrii 22 hivi kwa kila upande kinafaa kazi nyingi. Kwa mti laini shusha tupa kidogo. Kwa mti mkavu wenye vifundo inua tupa kidogo. Kwa kisu cha jikoni shusha zaidi, kati ya digrii 15 na 20 kila upande. Patasi na randa ya seremala hunolewa upande mmoja tu, kati ya digrii 25 na 30. Jembe nalo hunolewa upande mmoja. Kwenye udongo laini lipewe digrii 30 hivi, na kwenye mawe mawe lipewe 45.

Ukizoea, hutahitaji karatasi tena. Mkono utakumbuka wenyewe.

NAMNA YA KUNOA

Kwanza, osha zana. Ondoa udongo, utomvu na kutu. Mchanga uliobaki juu ya chuma unakula tupa yako.

Pili, kaza zana isicheze. Ifunge kwenye ubao au kwenye gogo. Mtu anayenoa panga huku amelishika juu ya goti anatafuta kidonda, na mwinamo wa makali yake utakuwa wa ulevi.

Tatu, sukuma tupa mbele kwa nguvu ya wastani. Tupa hukata inapokwenda mbele tu. Ukifika mwisho, inyanyue, irudishe hewani, anza tena. Kuivuta nyuma huku unakandamiza ni kuyavunja meno ya tupa. Tupa yenye mpini ni salama kuliko tupa tupu, maana mkia wake unachoma kiganja.

Nne, noa urefu wote wa makali sawasawa. Usikwangue mahali pamoja penye pengo. Ukikwangua pengo peke yake unafanya bonde, na panga linakuwa na mawimbi kama nyoka. Shusha makali yote kidogo kidogo mpaka pengo liishe lenyewe. Kama pengo ni kubwa sana, liache. Litaisha baada ya kunoa mara kadhaa.

Tano, angalia unyuzi. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui, tafadhali lisomeni mara mbili. Unaponoa upande mmoja, chuma kidogo husukumwa kwenda upande wa pili. Kinabaki pale kwenye makali kama uzi mwembamba sana. Hauonekani vizuri kwa macho. Lakini ukipitisha kidole kwa utaratibu kutoka kwenye ubapa kuelekea nje ya makali, utahisi kitu kinakwaruza. Usipitishe kidole kufuata urefu wa makali, utajikata.

Unyuzi huo unatudanganya. Ukigusa unasema, "Loo, limekuwa kali!" Lakini ni chuma kilicholegea. Pigo la kwanza linaukunja, pigo la pili linaung'oa, na unapong'oka unaacha makali yamechanikachanika. Ndiyo sababu panga linakata vizuri kwa dakika chache tu, halafu basi.

Dawa yake ni kinoo. Lowesha kinoo maji. Pitisha upande huu mara moja, upande ule mara moja, kwa mkono mwepesi, mpaka kidole hakihisi tena mkwaruzo. Kisha malizia kwa kuvuta makali juu ya mkanda wa ngozi au ubao laini, ukivuta kurudi nyuma, usisukume makali mbele. Kwa zana ya upande mmoja kama jembe au patasi, usiutie mwinamo upande wa nyuma. Lambisha tupa au kinoo kikiwa kimelala kabisa, basi.

Sita, imarisha makali. Inua kinoo kidogo kuliko mwinamo wa kwanza, pitisha mara mbili au tatu tu kila upande, kwa wepesi. Unafanya kabari fupi nene pale kwenye ncha kabisa ya makali. Kwa macho hutaiona. Lakini shoka lililotiwa kabari hiyo halipati mapengo upesi. Yule kijana wetu wa Mufindi angefanya hivyo, na asingelikwangua mno, angerudi nyumbani na shoka zima.

HATA VIWANDANI WANAFANYA HIVYO

Msidhani haya ni mambo ya kijijini tu. Katika miaka ya 1920 Wajerumani walianza kuuza zana zilizotengenezwa kwa kitu kigumu kuliko feleji. Kinaitwa kabaidi. Unga wa madini ya tangsteni na kaboni unachanganywa na unga wa kobalti, unashindiliwa, halafu unachomwa mpaka unashikana. Leo misumeno mingi ya duara ya kupasulia mbao ina vipande vya kabaidi kwenye meno. Keekee za kutobolea ukuta na mawe nazo zina kipande hicho kwenye ncha.

Kabaidi ni ngumu ajabu, lakini ni kama kile chungu chetu. Huvunjika. Kwa hiyo mafundi wa viwandani, baada ya kunoa zana ya kabaidi ya kukatia chuma, huyapiga msasa makali yenyewe kidogo. Wanayaviringisha, kwa kiasi chembamba kuliko unywele wa mtu. Unaweza kusema wameyaharibu, wameyafanya butu! Lakini sivyo. Makali yaliyoviringishwa kidogo hukata muda mrefu zaidi kuliko yaliyoachwa na ncha kali yenye vipengo vidogo vidogo. Mzee mgema angelisikia hilo angecheka na kusema, "Si niliwaambia?"

Tena msumeno wenye meno ya kabaidi usiunoe kwa tupa. Tupa haiingii kabisa. Unataka jiwe la almasi. Mpelekee fundi mwenye vifaa.

MOTO HUJENGA, MOTO HUBOMOA

Sasa jambo la hatari. Siku hizi watu wengi wanapeleka mapanga na mashoka mjini kwa fundi mwenye jiwe la umeme la kunolea. Jiwe linazunguka, cheche zinaruka, na kwa dakika mbili kazi imekwisha. Watu wanafurahi. Lakini tazameni rangi ya makali!

Feleji safi ikipashwa moto hubadilika rangi. Ikifika kama digrii 220 za joto, huwa ya manjano kama majani makavu ya mpunga. Ikizidi, huwa ya kahawia. Karibu na 280 huwa ya zambarau. Ikifika 300 huwa ya buluu. Rangi hizi zinatueleza kwamba chuma kinalegea. Makali ya shoka yakigeuka buluu kwenye jiwe la umeme, ugumu mwingi alioutia mtengenezaji umekwenda. Hata ukinoa kila siku, hayatadumu.

Basi mwambie fundi, "Tafadhali ndugu, chovya kwenye maji kila unapopitisha." Makali yasipate joto la kushinda kidole chako. Kama yamekwisha kuungua, hakuna dawa ila mbili: kukwangua kwa tupa sehemu yote ya buluu mpaka uifikie feleji nzuri, au kumpelekea mhunzi.

Mhunzi anafanya nini? Anaweka makali motoni, anavukuta, mpaka chuma kiwe chekundu. Mhunzi mwenye akili hukaa kivulini ili aione rangi vizuri. Wengine huweka sumaku karibu, labda iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Feleji ikipata moto wa kutosha, sumaku haiishiki tena. Ndipo anachovya makali. Sasa makali ni magumu kama kioo, na yangevunjika. Kwa hiyo hamalizi hapo. Anasugua makali kwa kipande cha tofali mpaka yang'ae, halafu anaacha joto lililobaki nyuma ya shoka litembee taratibu kuja mbele. Anatazama rangi: manjano, kahawia, zambarau. Kwa kisu anaizuia kwenye manjano. Kwa shoka anaiacha mpaka zambarau, maana shoka linapigwa. Rangi aliyoitaka ikifika kwenye makali, anachovya tena yote.

Mkiwa na mhunzi wa namna hii kijijini, mtunzeni. Vijana wakae naye wajifunze. Na wale wanaotaka kuanzisha karakana waulize ofisi za SIDO, Mbeya au Iringa. Shirika hilo la kuhudumia viwanda vidogo lilianzishwa mwaka 1973.

MSUMENO NAO

Wapasua mbao wa Mufindi na Njombe wanajua kwamba msumeno una mambo mawili: kunoa meno na kupanua meno. Meno hunolewa kwa tupa ya pembetatu, kila jino mapigo sawa. Ukipiga jino hili mara tano na lile mara mbili, meno marefu ndiyo yatakayofanya kazi, mafupi yatakuwa abiria tu.

Kupanua ni kulaza jino moja kidogo kulia, linalofuata kushoto, mpaka mwisho. Hivyo njia ya msumeno inakuwa pana kuliko ubapa wake, na msumeno haukwami. Mti mbichi unataka meno yaliyopanuliwa zaidi. Mti mkavu unataka kidogo.

KWA NINI TUNAYASEMA HAYA

Mtu anaweza kusema, "Ninyi watu wa gazeti, kunoa tu kunawahangaisha?" Ndiyo, kunatuhangaisha.

Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba. Mahindi yakiota, magugu nayo yanaota. Wiki zile za kwanza ndizo zinazoamua mavuno. Katika nyumba nyingi anayepalilia ni mama, tena ana mtoto mgongoni. Akipewa jembe butu, analima kwa mabega badala ya kulima kwa makali. Palizi ya siku nne inakwenda siku sita, na magugu hayamsubiri. Baba mwenye tupa nyumbani, akashindwa kuchukua robo saa jioni kulinoa jembe la mkewe, hajaitendea haki nyumba yake. Na mama naye ajifunze kunoa mwenyewe. Tupa haiulizi aliyeishika ni mwanamume au mwanamke.

Jambo la pili ni ajali. Shoka butu haliingii kwenye gogo. Linateleza, linakuja kwenye mguu. Zana iliyonolewa vizuri, yenye mpini uliokaza, ina hatari ndogo kuliko zana butu, kwa sababu inakwenda unakoipeleka. Anayenoa kwa jiwe la umeme avae miwani ya kuzuia cheche. Zana zilizonolewa ziwekwe juu, mbali na watoto. Na mtu akijikata kwa chuma chenye udongo, aende zahanati siku hiyo hiyo akaulizie sindano ya pepopunda. Asingojee.

Tatu ni fedha. Kila unapokwangua ovyo unakula chuma chako mwenyewe. Zana inayonolewa kidogo kidogo, kwa kinoo, mara kwa mara, huishi miaka mingi kuliko inayopigwa tupa nzito mara moja kwa mwezi.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, chukua zana moja tu. Kunja karatasi, pima, noa, ondoa unyuzi, imarisha makali. Kesho ifanyishe kazi, uone itakaa kali mpaka saa ngapi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini shoka la yule kijana lilipata pengo?
2. Kuna tofauti gani kati ya chuma kigumu na chuma kivumilivu? Tajeni mfano mwingine wa nyumbani kwenu.
3. Kunjeni karatasi mpate digrii 45, kisha digrii 22 na nusu. Pimeni panga moja la mwenzenu. Makali yake ni manene au membamba?
4. Unyuzi ni nini, na unaondolewaje?
5. Makali yakigeuka buluu kwenye jiwe la umeme, yametokewa na nini?
6. Katika kijiji chenu, nani ananoa majembe ya akina mama? Mnaweza kupanga nini kabla mvua hazijaanza?